Uliza Alizaliwaje

Kwenye ukuta wa zahanati yetu pale Mamba kuna mstari mwekundu uliochorwa kwa rangi ya mafuta. Mjamzito akienda kliniki mara ya kwanza anavua ndala, anaegemeza mgongo ukutani, na nesi anatazama kama kichwa kimepita mstari. Mimi kichwa changu hakikupita. Nilinyoosha shingo, nikanyanyua visigino kidogo, nesi akanigonga mguu kwa kalamu. "Shusha visigino, mama. Huu si mtihani." Kisha akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba wafupi kama mimi, tena wa mimba ya kwanza, hawazalii zahanati. Nitatakiwa kwenda hospitali Mpanda mapema, kabla siku hazijafika, nikakae kulekule nikisubiri.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mama mkwe. Alikuwa anapepeta mchele. Alicheka mpaka akaweka ungo chini.

"Mstari! Ng'ombe wetu nao wangepimwa kwa mstari, hili zizi si lingekuwa tupu?"

Mimi nikiogopa huwa nakuwa mkali. Nilimjibu kwamba mimi si ng'ombe, nikaingia ndani. Nilikaa kitandani nikiwa nimeshika tumbo ambalo bado halikuonekana.

Nilizaliwa milimani, upande wa Mwese, kwenye familia ya watu waliotoka Burundi enzi za babu. Kwetu tulilima maharage na mahindi, tukafuga mbuzi wachache na kuku. Ng'ombe nilimjua kama ninavyomjua mkuu wa wilaya, kwa kumwona anapita. Nilishuka Mpanda kujifunza cherehani, na huko ndiko nilikokutana na mume wangu, Msukuma ambaye wazazi wake walihamia huku Mpimbwe na mifugo yao kabla hajazaliwa. Ni mtu wa mabega na kichwa. Shati la kwanza nililomshonea, lile la kuvaa kwa kupitisha kichwani, lilikwama masikioni. Nikafumua shingo, nikaongeza, likakwama tena. Tulicheka sana siku ile, yeye kafunikwa uso na kitambaa, mikono juu, mimi navuta huku na huku. Nilimpenda na hicho kichwa chake. Sikuwa na sababu ya kukiogopa.

Nyumbani kwao kulikuwa na hadithi mbili ambazo mgeni lazima azisikie kabla hajamaliza chai yake. Zote alizisimulia mama mkwe, maana baba mkwe alishafariki na zizi lilikuwa mikononi mwake. Ya kwanza ilikuwa ya mume wangu: jinsi uchungu ulivyomshika mama mtu kutwa kucha, jinsi wakunga walivyokata tamaa, jinsi mtoto alivyotoka hapumui, akapigwa mgongoni, akalia kwa sauti iliyofika kwa majirani. Ya pili ilikuwa ya dume la ng'ombe, baba wa zizi. Mama yake alishindwa kumzaa, wanaume wakafunga kamba kwenye miguu ya ndama wakavuta, mama akafa palepale, ndama akasimama siku hiyohiyo anadai maziwa. Kwa hiyo hakuhasiwa awe maksai wa kulima kama wenzake. Desturi ya zizi lile ilikuwa hiyo: ndama dume aliyezaliwa kwa vita akapona, huyo ndiye huachwa awe baba wa wote.

"Huyu na mwanangu ni mapacha," mama mkwe alipenda kusema, kiganja chake kiko kwenye nundu ya yule dume. "Kifo kiliwashika mkono, wakachomoka."

Niliona ni maneno mazuri. Niliyarudia hata kwetu Mwese nilipokwenda kusalimia.

Nilipoolewa alinipa mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, awe wangu, nikamue nitakapokuwa na mtoto wa kunywesha. Alikuwa wa kijivu, mdogo, mwembamba wa mifupa, mpole kupita kiasi. "Mfupi kwa mfupi," alisema, "mtaelewana." Na kweli tulielewana. Nilimkatia majani, nikamkwangua kupe, akanizoea kiasi kwamba nikipita anageuza shingo. Msimu ule aliopandwa na yule dume ndio msimu niliopata mimba. Mama mkwe alifurahi, akasema zizi na nyumba vimekwenda pamoja. Mimba ya ng'ombe na ya mtu hazipishani sana, na mimi nilianza kumtazama mtamba wangu kama mtu anayetazama kioo.

Ndama wa mwanzo wa yule dume walikuwa wa ng'ombe wakubwa, waliokwisha kuzaa mara nyingi. Walitoka bila tabu, wakakua haraka, na watu mnadani wakawa wanauliza dume la nani. Shida ilianza ilipofika zamu ya mitamba. Wa kwanza alizaa ndama mkubwa, mzuri, aliyekufa. Watu wakasema bahati mbaya. Wa pili hakuzaa kabisa.

Huyo wa pili nilimsikia. Sikumwona, kwa sababu mama mkwe alinikataza. Kwake yeye mjamzito hasogelei zizi ng'ombe akiwa na uchungu, eti mimba zikikutana moja inamfungia mwenzake njia. Nilikaa jikoni nikasikia. Sikujua kwamba ng'ombe akizidiwa halii sana. Anakoroma na kusaga meno. Ilichukua asubuhi nzima. Halafu nikasikia wanaume wanaambizana walete kisu, wamuwahi kabla hajafa mwenyewe, na baadaye nyama ikaletwa kwangu niipike.

Niliikata, nikaibandika motoni. Mume wangu alikaa akala, maana alikuwa amevuta kamba tangu alfajiri na njaa haina adabu. Nilimtazama anavyotafuna.

"Unamla mtamba mwenzangu," nikamwambia.

Akaacha kula. "Usiseme hivyo."

"Nasema. Nipeleke Mpanda."

"Mama anasema bado mapema. Na mpunga haujapandwa wote, mvua yenyewe hii unaiona. Tutaenda, usiwe na wasiwasi."

Alinipenda, sina shaka, ila mbele ya mama yake alikuwa mtoto. 

Siku chache baadaye afisa mifugo wa kata alipita na pikipiki yake, kijana mtaratibu mwenye buti zilizojaa matope, kuangalia afya ya ndama. Mume wangu akamweleza habari ya mitamba. Mimi nilikuwa naanika nguo kwenye uzio wa zizi, na nikahakikisha ninazianika taratibu.

Alimzunguka dume, akamtazama mbele na nyuma. "Mzuri," akasema. "Mzuri sana. Alizaliwaje?"

Mama mkwe akachangamka. Akamsimulia yote, kamba, wanaume, mama aliyekufa, ndama aliyesimama siku ileile. Afisa mifugo alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka wala hakusifu.

"Basi ndiyo shida yenyewe, mama," akasema. "Nyie mnachagua dume kwa mwili wake. Mwili wa dume utauona sokoni, lakini mtamba anaukuta njiani, siku ya kuzaa. Dume aliyezaliwa mkubwa anazaa wakubwa. Ni damu, inafuata. Ukitaka dume, usimwangalie, uliza alizaliwaje. Aliyetoka kwa shida, mhasi alime. Aliyetoka mama yake akiwa bado anatafuna majani, huyo ndiye umweke."

"Huyo atakuwa mnyonge," mama mkwe akasema.

"Anazaliwa mdogo, halafu anakua. Ndama mkubwa aliyekufa hakui."

Kisha akamwona mtamba wangu, akamgusa kwenye nyonga kwa viganja vyote viwili, akakunja uso. Akasema upande wa jike nao una lake. Kuna jike aliyeumbwa njia nyembamba, na hiyo naye ameirithi, huenda kwa mama, huenda kwa baba, na atampa binti yake. Dume wa namna hii akikutana na jike wa namna hii, basi pande zote mbili zimekataa. Alipoondoka alimwachia mume wangu namba ya simu, akasema huyu wa kijivu akianza tu, wampigie, wasifunge kamba wenyewe.

Nilibaki nimesimama na shuka mbichi mkononi. Huyu na mwanangu ni mapacha. Maneno niliyoyarudia kwetu kwa majivuno ndiyo hayo sasa yalikuwa yananipanda mwilini kama baridi. Mume wangu alizaliwa kwa vita. Nilikuwa nimemuuliza kama anakunywa pombe, kama ana mke mwingine, kama atanipeleka kanisani. Hilo moja sikuuliza, na nani angeniambia kuwa linaulizwa? Nilijishika nyonga juu ya kanga, kulia na kushoto, kama alivyomshika mtamba. Viganja vyangu vilikaribia kukutana.

Kuanzia hapo niliogopa kila kitu. Niliogopa kula nikamnenepesha mtoto, niliogopa kutokula. Mtoto akicheza niliogopa ana nguvu sana, akitulia niliogopa amekufa. Usiku nilikuwa nakiangalia kichwa cha mume wangu kwenye mto na namchukia kidogo, halafu naona haya, namfunika shuka. Sikumlaumu mama mkwe kwa sauti, ila nilimchunguza. Yeye baada ya afisa mifugo kuondoka aliacha kusimulia zile hadithi. Aliniona nashindwa kuinuka kwenye kigoda, akanishika mkono, akaangalia pembeni.

Mtamba wangu alianza asubuhi, wakati wa kukamua. Alijitenga na wenzake, akalala, akainuka, akalala tena. Chupa ya maji ikapasuka, ukatokea ukwato mmoja na pua, na hapo pakagoma. Mume wangu alipiga simu kabla hata sijamwambia. Afisa mifugo akafika analaani barabara, akavua shati, akajipaka sabuni mpaka begani, akalala kifudifudi nyuma ya mtamba kwenye tope. Mimi nilisimama nje ya uzio, nachungulia kati ya miti. Hakuna aliyenifukuza.

"Mguu mmoja umejikunja kwenye goti," akasema baada ya muda. "Ungenyooshwa tu, tungejaribu. Lakini kichwa kimejaza njia yote, mkono wangu haupiti pembeni." Mume wangu akajaribu, mkono wake ni kama koleo, haukufika popote. Mtamba akaanza kusaga meno. Ule mlio niliujua.

"Nani hapa ana mkono mdogo?" afisa mifugo akauliza.

Mama mkwe akageuka taratibu akanitazama kupitia uzio. Nilikuwa sijawahi kuona uso wake umeogopa. Ni mwanamke anayemfukuza fisi kwa ungo. Siku ile midomo ilikuwa imekauka, na hofu yake ilinitisha kuliko mlio wa mtamba.

"Njoo, mwanangu," akasema. Mama yuleyule aliyenikataza.

Walinivisha glovu ndefu ya plastiki, wakaipaka mafuta. Nilipiga magoti kwa shida, tumbo langu likagusa paja la mtamba, likahisi joto lake. Afisa mifugo akaniambia nisubiri uchungu upite, ndipo niingize mkono. Niliingiza. Kulikuwa na moto na giza na utelezi. Niligusa paji la uso la ndama, pana, gumu, halafu pembeni yake nikagusa mfupa wa mtamba, umelizunguka paji kama duara, bila nafasi ya kidole. Nikakumbuka shati lililokwama masikioni. Shingo ya shati nilifumua, nikaongeza kitambaa. Mfupa hauongezwi. Uchungu ukaja, duara likanibana mkono mpaka nikapiga kelele, na tumboni kwangu mtoto akageuka.

"Usitoe," afisa mifugo akasema. "Utapita. Sasa shuka chini, tafuta goti."

Nililia huku natafuta. Nikalipata goti, nikaufuata mguu mpaka kwenye ukwato, nikaukumbatia kwa kiganja kama alivyonielekeza ili usimchane mama yake, nikauvuta taratibu. Ukanyooka. Niliposema umenyooka, sauti iliyotoka haikuwa yangu.

Walivuta mtamba akisukuma, wakapumzika yeye akipumzika, afisa mifugo anawagombeza wasiwe na haraka. Ndama alitoka ulimi nje, umevimba, wa bluu. Wakamsugua kwa majani makavu, wakamchokonoa pua kwa unyasi, kimya. Nilikuwa nimekaa kwenye tope nimeshindwa kuinuka, na nikawa nasema kimoyomoyo, pumua, pumua, pumua, na sijui nilikuwa namwambia nani. Akakohoa. Akapumua.

Mtamba hakuweza kusimama. Miguu ya nyuma ilimgoma. Afisa mifugo alimkamua palepale alipolala, dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, akamnywesha ndama kwa chupa. Alisema ndama wengi wa namna hii hawafi siku ya kuvutwa. Wanakufa baadaye, kwa sababu wamechoka mno kunyonya. Kisha akamwinua ndama mguu, akaangalia. "Dume," akasema.

Sote tukamtazama mama mkwe. Ndama dume, mkubwa, aliyezaliwa kwa vita, akapona. Kwa desturi ya zizi lile, mrithi alikuwa amelala mbele yetu. Mama mkwe alimwangalia muda mrefu, halafu akamwangalia mtamba anavyojitahidi kujiinua anaanguka, halafu tumbo langu.

"Huyu mtamhasi," akamwambia mwanawe. "Na baba yake apelekwe mnadani, auzwe kwa mchinjaji, asiuzwe kwa mfugaji." Akanawa mikono. "Mkeo anaenda Mpanda kesho. Naenda naye mimi."

Mume wangu hakubisha. Alikuwa analia, kwa kweli, kimyakimya, na tope usoni.

Basi lilituchukua asubuhi, likapita Kibaoni, likaingia hifadhini. Barabara ilikuwa imelowa na basi lilikuwa linateleza kama limelewa, na kila lilipoyumba nilishika tumbo nikiwaza, hapa, nitazalia hapa, katikati ya nyati. Ndorobo, wale mbung'o wa porini, waliingia madirishani. Mama mkwe hakujipiga hata mmoja aliyetua juu yake. Alikaa akinipepea mimi kwa kanga yake, njia nzima, hadi tukavuka mto wa viboko pale Sitalike. 

Hospitali walinipima, wakaniambia nisubiri. Tulisubiri. Uchungu ulipokuja ulichukua muda mrefu, na daktari akasema mtoto hashuki, tusicheze. Waliponisukuma kwenye chumba cha upasuaji niliona taa kubwa juu yangu nikajua sasa nakufa, nikamuuliza nesi kama mtamba wangu ameshasimama. Alidhani nimechanganyikiwa. Nilisikia wakivuta, bila maumivu, kama mtu anayepekua mkoba wako. Halafu mtoto akalia.

Ni binti. Walimleta amefungwa kanga ya bibi yake, na bibi mwenyewe akaingia nyuma. Simu ilikuwa imetoka nyumbani: mtamba amesimama, anachechemea lakini anakula. Nilifurahi nusu tu, kwa sababu nilikuwa bado naogopa. Niliogopa kile ambacho nilijua sasa mama mkwe atakisema, kwamba safari ijayo ni wa kiume, wa kurithi zizi.

Mama mkwe alikaa ukingoni mwa kitanda. Alipapasa shuka pale lilipofunika mshono, bila kugusa.

"Wakikuambia uzae tena haraka, kataa," akasema. "Hata nikiwa mimi nakuambia, kataa."

Nikamtazama.

"Baada ya mumeo nilibeba wengine wawili. Wakubwa kama yeye. Hawakulia." Alisema polepole, kama mtu anayetoa miba. "Aliyelia ndiye niliyewasimulia watu."

Wodini mtu alikuwa anakorogea mwenzake uji. Nilisubiri kikombe kile kinyamaze.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ningekuambia," akasema, "ungekubali kuolewa?"

 Binti yangu alikuwa amelala kati yetu. Paji la uso lilikuwa la baba yake, pana, halina ubishi. Kanga ilikuwa imefunguka kidogo chini, na nikaona nyonga zake nyembamba, zangu. Niliinua macho ili niongee, nikakuta mama mkwe naye anatazama palepale.